Mdogo wangu hataki kumsikia Mungu: maombi yangu kwa ajili yake yanafanya nini?

Swali: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Kwa miaka 9 nimekuwa nikimwombea mdogo wangu wa kiume. Amezama katika pombe, ameacha kanisa, na nikitaja jina la Mungu mbele yake anainuka na kuondoka. Nimefunga, nimekesha, nimelia. Mwaka huu kiongozi wa kikundi chetu cha maombi aliniambia kwamba ningekuwa na imani ya kutosha, kijana huyu angekuwa ameshafunguliwa zamani. Halafu nikasoma kwamba watafiti waliwahi kupima maombi hospitalini wakakuta hayana matokeo. Sasa najiuliza: kama Mungu anajua yote, na mdogo wangu ana hiari yake, maombi yangu yanafanya nini hasa? Rafiki yangu Mkatoliki ananishauri nimwombe Mtakatifu Monika aniombee. Je, ni sawa? Nimwombee vipi mdogo wangu, na je, nimwambie kwamba ninamwombea?

Jibu: Amina, dada, asifiwe milele. Nitayajibu maswali yako yote, ila si kwa mpangilio ulioyauliza, kwa sababu lile neno la kiongozi wako limekujeruhi, na lisipoondolewa kwanza, kila nitakalolisema baadaye utalisikia kama hukumu nyingine juu yako.

Ni kweli kwamba Yesu aliwakemea wanafunzi wake kwa upungufu wa imani yao waliposhindwa kumtoa pepo yule kijana aliyekuwa akianguka motoni na majini, na nadhani kiongozi wako alikuwa na habari hiyo akilini. Lakini habari hiyo hiyo, kama ilivyoandikwa katika sura ya 9 ya Marko, inatuonyesha mtu mwingine ambaye wengi wetu tunampita haraka, yaani baba wa kijana. Huyo ndiye aliyekuja kumwombea mwenziwe. Alifika akiwa amekwisha kuvunjwa moyo na wanafunzi, na ombi lake lilikuwa na mashaka ndani yake: "ukiweza neno lo lote, utuhurumie, na kutusaidia." Yesu alipomgusa pale pale penye mashaka, baba yule alipaza sauti akasema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Hakuambiwa arudi nyumbani akaongeze imani kwanza. Mwanawe aliponywa siku ile ile, kwa ombi la mzazi aliyekiri waziwazi kwamba imani yake ilikuwa na upungufu.

Itazame pia sura ya 12 ya Matendo ya Mitume. Herode alimwua Yakobo, ndugu yake Yohana, kwa upanga, kisha akamtia Petro gerezani, na kanisa likamwomba Mungu kwa juhudi kwa ajili yake. Usiku Petro akatolewa na malaika, akaja kubisha mlangoni pa nyumba walimokuwa wamekusanyika wakiomba, na kijakazi aitwaye Roda alipokimbia ndani kuwaeleza, wao wakamwambia ana wazimu. Waliokuwa wakiomba afunguliwe hawakuamini kwamba amefunguliwa, na bado alifunguliwa. Nani basi atathubutu kusema kwamba Yakobo aliuawa kwa kuwa imani ya kanisa ilipungua, ilhali Petro alitoka gerezani kwa kuwa imani ya watu wale wale ilitosha? Na Paulo je, aliyemsihi Bwana mara tatu juu ya mwiba wake, akapewa neema lakini hakuondolewa mwiba? Imani ni mkono unaopokea, na Mungu anaiheshimu, lakini mahali popote inapogeuzwa kuwa kipimo cha kumlaumu dada anayelia kwa ajili ya nduguye, imeondolewa katika kazi yake na kupewa kazi ambayo Bwana hakuipa. Kiongozi wako huenda alikusudia kukutia moyo uongeze bidii. Mheshimu, endelea kushirikiana naye katika maombi, lakini neno lile usilibebe.

Sasa nije kwenye kiini, yaani maombi yako yanafanya nini. Watu wengi huanza kulijibu swali hili kwa kumtazama mwombaji, bidii yake, kufunga kwake, idadi ya makesha yake. Biblia inaanza kwa kumtazama Kristo. Waebrania 7:25 inasema kwamba yu hai sikuzote ili awaombee wale wamjiao Mungu kwa yeye, na Warumi 8 inataja waombezi wawili, Roho anayetuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, na Kristo aliye mkono wa kuume wa Mungu, ambaye tena ndiye anayetuombea. Maana yake ni kwamba unapopiga magoti na kulitaja jina la mdogo wako, huanzishi jambo ambalo lisingekuwapo bila wewe. Unaingia katika maombezi ambayo yalikwisha kuanza, na sauti yako inapokelewa ndani ya sauti ya Mwana. Ndiyo sababu tunamaliza kwa kusema "kwa jina la Yesu Kristo": tunakubali kwamba tumefika mbele za Baba kwa haki ya mwingine.

Na jinsi Kristo anavyoomba tunaweza kuiona kwa karibu mahali pamoja hasa, ambapo mtu mmoja anaombewa kwa jina lake. Katika Luka 22, usiku wa karamu ya mwisho, Bwana anamwambia Simoni Petro, "Simoni, Simoni, tazama, Shetani amewataka ninyi apate kuwapepeta vile vile kama vile apepetavyo ngano, lakini nimekuombea wewe ili imani yako isitindike, nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako." Soma polepole, dada, kwa sababu hapa pana jibu la sehemu kubwa ya barua yako. Aliyeomba ni Mwana wa Mungu mwenyewe, ambaye imani yake haiwezi kutiliwa shaka na kiongozi yeyote wa maombi. Hata hivyo kabla ya jogoo kuwika Petro alikwisha kumkana mara tatu. Je, ombi la Yesu lilishindwa? La. Angalia aliomba nini. Hakusema, "nimekuombea usipepetwe," wala "nimekuombea usianguke." Aliomba imani isitindike, yaani chini kabisa, chini ya woga na uongo na machozi ya uani mwa kuhani mkuu, kibaki kitu ambacho Shetani hakukiweza. Na alikwisha kuona hata upande wa pili wa anguko lile, kwa maana hakusema "kama utaongoka" bali "utakapoongoka," akampa na kazi ya kufanya siku hiyo.

Kwa hiyo anguko la mtu anayeombewa si ushahidi kwamba maombi hayafanyi kazi. Aliyemtazama Petro saa ile penye moto wa makaa angeona mtu aliyepotea kabisa. Maombezi yalikuwa yakifanya kazi ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Mimi siwezi kukuambia kinachotendeka leo ndani ya mdogo wako, na wala kiongozi wako hawezi. Anapoinuka na kuondoka ukilitaja jina la Mungu, hatujui anakimbia nini.

Kuhusu Mungu kujua yote: Yesu mwenyewe alisema kwamba Baba yetu anajua tunayohitaji kabla hatujamwomba, na mara tu baada ya kusema hivyo akatufundisha kuomba. Kwake hayo mawili hayakupingana. Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alilijibu swali lako hili hili kwa hoja ambayo sijaona iliyo bora zaidi: hatuombi ili tubadilishe mpango wa Mungu, bali ili tupate yale ambayo Mungu amepanga yapatikane kwa njia ya maombi. Mungu hapangi matokeo peke yake. Anapanga pia njia za kuyafikia. Mkulima hapandi mbegu kwa kuwa Mungu hajui kama anahitaji chakula. Anapanda kwa kuwa Mungu ameamua kulisha watu kupitia kupanda. Vivyo hivyo amependa kuwarehemu watu kupitia ndugu zao wanaowaombea, na katika Ezekieli 36, baada ya kutoa ahadi nzito ya kuwapa watu wake moyo mpya, anaongeza kwamba kwa ajili ya jambo hilo ataulizwa na nyumba ya Israeli. Ahadi imetolewa kabisa, lakini anataka iombwe.

Sitaki hoja hii ibaki kavu, kwa sababu Mungu tunayemzungumzia si mtawala anayepokea maombi dirishani. Nenda Mwanzo 18, kwa Ibrahimu na Sodoma. Tumezoea kuisimulia kana kwamba Ibrahimu alimbembeleza Mungu mkali hadi akalegea, akishusha idadi ya wenye haki ambao kwa ajili yao mji ungeachwa, kutoka 50 hadi 10. Lakini mazungumzo yale aliyaanzisha Mungu. "Je! Nimfiche Ibrahimu jambo nilifanyalo?" Angeweza kupita kimya, na Ibrahimu asingejua lolote mpaka auone moshi. Alisimama na kumfunulia kwa kuwa alitaka mtu wa kusimama mbele zake kwa ajili ya mji ule. Nami naamini kwamba mzigo ulio nao kwa ajili ya mdogo wako, huo unaokuamsha usiku, ulitoka kwake aliyekwisha kumhurumia kijana huyo kabla yako.

Katika habari hiyo pana jambo jingine. Sodoma haikupona, hawakupatikana hata wenye haki 10. Asubuhi Ibrahimu akaenda mpaka mahali pale aliposimama mbele za BWANA, akatazama chini, na moshi wa nchi ukapanda kama moshi wa tanuru. Kwa macho yake, ombi lilikuwa limekataliwa. Ila mwandishi anatuambia sisi wasomaji katika Mwanzo 19:29 kwamba Mungu alimkumbuka Ibrahimu, akamtoa Lutu, mwana wa ndugu yake aliyeishi Sodoma, katika maangamizo. Jina la Lutu halikutajwa katika ombi zima la Ibrahimu. Mungu alilisikia ombi lililokuwa ndani ya ombi, na Maandiko hayasemi kama Ibrahimu alikuja kuambiwa. Katika kazi yangu nimekutana na watu wengi waliokoma kuomba kwa kuwa waliona moshi.

Hiari ya mdogo wako ni swali gumu zaidi, na hapa sitakupa faraja ya uongo. Wapo watakaokuahidi kwamba ukiomba kwa kiasi fulani ataokoka kwa hakika. Ahadi hiyo haimo katika Biblia. Thomas niliyemtaja aliorodhesha masharti ya ombi lisilokosa kujibiwa, na la kwanza ni kwamba mtu awe anajiombea mwenyewe, kwa sababu anayeombewa na mwingine anaweza kuweka kizuizi upande wake. Yesu aliulilia Yerusalemu akasema alitaka kuwakusanya watoto wake, nao hawakutaka. Yeremia alikatazwa na Mungu, si mara moja, asiwaombee watu wale. Maombi hayamfanyi mtu kuwa mtumwa wa mapenzi ya ndugu yake, na nina hakika hungependa mdogo wako arudi kwa Mungu akiwa amekokotwa.

Lakini kutoka hapo tusiruke kusema kwamba Mungu hana njia ya kumfikia mtu bila kuvunja hiari yake. Ana njia nyingi kuliko tunavyodhani. Anaweza kumtia kiu, kumkutanisha na mtu, kumkumbusha wimbo wa utotoni, kumchosha na njia zake mwenyewe. Lidia, kwa mujibu wa Matendo 16, alifunguliwa moyo na Bwana ili ayatunze maneno ya Paulo, na hakuna mahali tunapoambiwa kwamba alilazimishwa. Katika Marko 2, wanne walimbeba mwenye kupooza, wakatoboa dari na kumshusha, na imeandikwa kwamba Yesu alipoiona imani yao alimwambia yule mgonjwa kwamba dhambi zake zimesamehewa. Imani ya waliombeba ilimfikisha mbele ya Yesu. Kuinuka, kujitwika godoro na kutembea kulikuwa kwake yeye. Kazi yako na kazi ya mdogo wako zimetengana hapo, nawe usijitwike iliyo yake.

Rafiki yako Mkatoliki amekutajia Monika, na hata kama si wa mapokeo yako, mama huyu ana la kukufundisha. Alikuwa mama wa Augustino, aliyekuja kuwa askofu wa Hippo na mmoja wa walimu wakubwa wa kanisa, ambaye katika ujana wake aliiacha imani ya mama yake na kufuata mafundisho ya Wamani, wafuasi wa Mani, mwalimu wa Uajemi. Monika alimwombea kwa miaka mingi. Augustino mwenyewe, katika Maungamo yake, anasimulia kwamba mama alimwendea askofu mmoja akamsihi azungumze na kijana. Askofu akakataa, akamwambia amwache kwanza, amwombee tu kwa Bwana, kwa maana hakuwa tayari kufundishwa. Alipozidi kulia na kumng'ang'ania, askofu akamwambia aende zake, kwani haiwezekani mwana wa machozi kama yale apotee.

Ila tukio linalonigusa zaidi ni lile la pwani ya Karthago, mnamo mwaka 383. Augustino alitaka kusafiri kwenda Roma, na mama akamfuata hadi baharini akimshika, arudi naye nyumbani au asafiri naye. Augustino akamdanganya kwamba anamsindikiza tu rafiki anayengoja upepo, akamshawishi alale usiku ule katika kanisa dogo la ukumbusho wa Mtakatifu Sipriano lililokuwa karibu na merikebu. Mama akakesha mle akilia na kuomba, na ombi lake usiku ule lilikuwa moja, kwamba Mungu asimwache mwanawe asafiri. Upepo ukavuma, merikebu ikaondoka, na asubuhi mama akabaki ufukweni akilalamika kwamba Mungu hakumsikia. Augustino, akiandika miaka mingi baadaye, anasema kwamba Mungu hakumpa mama lile aliloliomba usiku ule ili ampe lile aliloliomba siku zote: safari iliyokataliwa kwa machozi ndiyo iliyomfikisha Italia, na huko, mjini Milano, akamsikia Ambrosi, askofu wa mji huo, akihubiri, akabatizwa naye usiku wa Pasaka mwaka 387. Monika alikuwapo. Alifariki mwaka huo huo huko Ostia.

Sikusimulii haya ili uamini kwamba nawe lazima utaona mwisho wa namna hiyo. Nimekwisha kukuambia kwamba hakuna aliyepewa dhamana ya hivyo. Ninakusimulia kwa kuwa Monika alikuwa na ombi la siku zote na ombi la usiku mmoja, na la usiku mmoja lilipokataliwa, ilikuwa rahisi kudhani kwamba yote mawili yamekataliwa. Pengine katika miaka hii 9 umemwomba Mungu mambo fulani mahususi juu ya mdogo wako ambayo hayakutokea, nawe ukayahesabu kama majibu juu ya wokovu wake.

Kuhusu kumwomba Monika akuombee, makanisa hayakubaliani, na nitakueleza tofauti hiyo kwa heshima. Wakatoliki na Waorthodoksi wanaamini kwamba mauti haivunji ushirika wa watakatifu, hivyo kumwomba aliyelala katika Kristo akuombee ni sawa na kumwomba jirani yako Mkristo akuombee. Sisi Walutheri, katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 21, tunawakumbuka watakatifu ili imani yetu itiwe nguvu na tufuate mfano wao, lakini hatuwaiti watusaidie, kwa kuwa Maandiko hayakutuagiza hivyo na kwa kuwa mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, Mwanadamu Kristo Yesu. Ninasimama hapo kwa dhamiri yangu yote. Hata hivyo usigombane na rafiki yako; mwombe yeye, aliye hai na anayekupenda, amtaje mdogo wako katika maombi yake kila siku. Sidhani kama atakataa.

Juu ya utafiti uliousoma, nadhani ni ule uliochapishwa Marekani mwaka 2006, uliohusisha wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo katika hospitali 6. Waligawanywa katika makundi matatu: walioombewa bila kuwa na hakika kwamba wanaombewa, wasioombewa na watafiti bila kuwa na hakika vilevile, na walioombewa wakiwa wameambiwa kwa hakika. Waliopata matatizo baada ya upasuaji walikuwa asilimia 52 katika kundi la kwanza, 51 katika la pili, na 59 katika la tatu. Takwimu ni za kweli na sina haja ya kuzikwepa. Lakini angalia kilichopimwa. Waombaji walipewa jina la kwanza la mgonjwa na herufi ya kwanza ya jina lake la ukoo, wakaomba kwa siku 14 wakiingiza katika sala zao maneno waliyopangiwa, na familia za wagonjwa wa makundi yote hazikuzuiwa kuwaombea ndugu zao. Utafiti huo ulipima kama kundi la maombi yaliyopangwa na watafiti linaongeza tofauti inayohesabika juu ya maombi mengine yote yaliyokuwa yakiendelea. Kama maombi ni kumsihi Baba aliye huru kujibu apendavyo, basi hakuna namna ya kumweka Baba huyo ndani ya jaribio, na jaribio likitoka na takwimu nzuri au mbaya halimgusi. Hata takwimu zingekuwa nzuri, nisingezihubiri.

Sasa, umwombee vipi. Ukizisoma sala za Paulo kwa ajili ya makanisa yake, katika Waefeso 1 na 3, Wafilipi 1 na Wakolosai 1, utashangaa jinsi anavyoomba kidogo sana mambo ya nje yabadilike. Anaomba wajazwe maarifa ya mapenzi ya Mungu, macho ya mioyo yao yatiwe nuru, wafanywe imara katika utu wa ndani, pendo lao lizidi. Naye Epafra, katika Wakolosai 4:12, anatajwa kuwa akifanya bidii sikuzote kwa ajili yao katika maombi ili wasimame. Kwa hiyo usimwombee mdogo wako pombe imtoke tu. Anaweza kuacha pombe na akabaki mbali na Mungu. Omba anapokuwa peke yake akumbuke kwamba anapendwa. Omba aone aibu inayomleta nyumbani, wala si ile inayomfukuza. Omba pia, kwa kufuata Mathayo 9:38, Bwana apeleke mtenda kazi mwingine kwake, kwa maana inawezekana kabisa kwamba si wewe utakayesikilizwa. Monika alikuwa na mwanawe miaka mingi, na aliyesikilizwa akawa mgeni aliyesimama mimbarani. Hilo huwa gumu kwa dada mkubwa, najua, na ombi hilo litakugharimu kuliko kufunga.

Ukiomba, simama upande wake. Danieli, mtu mwadilifu, alipoungama dhambi za watu wake katika sura ya 9 hakusema "wamefanya dhambi" bali "tumefanya dhambi." Kama katika miaka hii mdogo wako amekukosea, nami sidhani kama mlevi hukaa miaka 9 bila kuwakosea walio karibu naye, msamehe kwa kutaja kosa lenyewe mbele za Mungu. Ayubu aliwaombea rafiki zake, wale wale waliomwambia kwamba mateso yake yalitokana na uovu wake, na imeandikwa kwamba BWANA aliugeuza uteka wake hapo alipowaombea. Na kama ombi lako kwa ajili ya mdogo wako halitapokelewa naye, Zaburi ya 35 inasema juu ya mtu aliyewafungia wengine walipougua: "Maombi yangu yakarejea kifuani mwangu." Hayaanguki chini.

Kuna mambo mawili ya kujihadhari. La kwanza, usimweke mdogo wako hadharani kwa kisingizio cha maombi. Kundi linaweza kumwombea vyema bila kujua alilala wapi juzi na alimtukana nani. Wengi waliorudi kanisani wakakuta kila mtu anajua habari zao hawakurudi mara ya pili. La pili, mtu yeyote akikuambia kwamba kifungo cha mdogo wako kitafunguliwa kwa sadaka ya kiasi fulani, au kwa kununua mafuta au maji yake, ondoka. Petro alimjibu Simoni wa Samaria kwamba fedha yake na ipotelee mbali pamoja naye, kwa kuwa alidhani karama ya Mungu yapatikana kwa mali.

Wala usiitenge sala na tendo. Yakobo anasema haifai kumwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende kwa amani bila kumpa mahitaji ya mwili. Ulevi uliokomaa ni ugonjwa pia, na kumpeleka mdogo wako kwa daktari si upungufu wa imani. Tena ikiwa siku moja atakubali kuacha, asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani: mwili wa mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi, ukinyimwa pombe kwa mara moja, unaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa kwa kiasi cha kuhatarisha maisha, na hospitalini kuna dawa za kuzuia hayo. Jua mapema ni hospitali gani utampeleka, ili siku hiyo ikija usiwe unaanza kuuliza.

Umeuliza mwisho kama umwambie. Yesu alimwambia Petro, na Paulo aliwaandikia watu wake kwamba anawaombea, kwa hiyo si jambo la kufichwa. Lakini Petro aliambiwa mara moja, tena bila karipio. Mwambie siku ambayo hajalewa na hamjagombana, kwa sentensi isiyozidi pumzi moja, kwamba kila siku unamtaja mbele za Mungu na kwamba unampenda hata kama hatabadilika. Usiongeze mwaliko wa ibada, usimwulize anaonaje, usilitumie neno hilo tena siku utakayomkasirikia. Akiinuka na kuondoka, mwache aondoke. Kisha, kama yule askofu alivyomshauri Monika, habari za Mungu zungumza na Mungu, na mdogo wako mwulize kama amekula.